Saa ya Ukutani na Neno la Luseane

Mheshimiwa Meya wa pwani yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Walezi wa Quoll, uliyesafiri kutoka Perth na kulala kiwanja cha ndege bila kulalamika, Mama Maureen, mshika funguo wa ukumbi huu, ndugu walezi mliotoka Hobart, Christchurch, Kalgoorlie na kwingineko, majirani wa mji huu wa Penguin, Bibi Noelene, na wewe mwenyewe mumewe, Bwana Murray Pybus, uliyekalishwa kiti cha mbele ili usikie na bado unatega sikio la kushoto kana kwamba nazungumza chumba cha pili: nawasalimu nyote kwa heshima.

Salamu za pekee kwa wageni wanne walioingia sasa hivi wakinyata kama paka. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Alfajiri Tasmania nzima imesogeza saa mbele, kama ifanyavyo kila mwaka, na wageni hao wanne, wote mabingwa wa kompyuta, wamekuja kumuaga mlezi wa saa wakiwa wamechelewa saa nzima. Mmoja ameninong'oneza mlangoni, "Coralie, niliamini saa ya gari." Karibuni, ndugu zangu. Chai ipo, keki za nazi zimebaki za kuhesabika. Na tafadhali msiitazame saa ya ukutani iliyo nyuma yangu, kwa sababu yenyewe inasema ni saa saba na robo, na sisi wengine tuko saa nane na robo. Nitairudia baadaye.

Jina langu ni Coralie Dransfield. Nilikuwa mkutubi kule Ulverstone kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa mlezi wa Quoll. Baraza lilipotafuta mtu wa kumsifu Murray leo, lilimchagua mtu aliyegombana naye kuliko wote. Nilimuuliza Mwenyekiti sababu, akanijibu, "Wewe ndiye uliyesoma barua zake zote mpaka mwisho, ukitafuta kosa." Sina la kubisha hapo.

Kwa majirani ambao kwa miaka yote hii mmemjua Murray kama mstaafu wa reli mwenye viazi vizuri, niseme kwa ufupi. Quoll ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzipangia kazi programu nyingine zote. Hauuzwi, na msimbo wake, yaani maagizo yanayouendesha, uko wazi, kila mtu ausome na autengeneze. Unatunzwa na sisi watu mia moja ishirini na wanane, bila mshahara, kila mmoja na kipande chake. Yuko anayelea herufi, yuko anayelea sauti, yuko maskini ya Mungu anayelea mashine za kuchapisha, naye huyo tumwombee. Murray, kwa miaka kumi na tisa, amelea jedwali la saa.

Kompyuta haijui saa, ndugu zangu, huambiwa. Kuna faili moja inayoieleza ni saa ngapi Hobart ikiwa ni saa fulani Suva, na lini nchi gani itasogeza saa zake mbele au nyuma. Mngedhani hiyo ni kazi ya kufanywa mara moja na kusahauliwa. Lakini serikali hubadili saa kwa sababu ya uchaguzi, kwa sababu ya watalii, kwa sababu waziri mpya hataki kufuata ya waziri wa zamani, na wakati mwingine hutangaza Ijumaa jambo la Jumapili. Ni nani wa kuyajua hayo yote? Ni mtu mmoja, kwenye banda la viazi, hapa Penguin.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, maana ndio mlioujia.

Miaka saba iliyopita mhuni mmoja alituandikia akijifanya afisa wa serikali, tukaamini, na mji mzima ukaamka na saa zisizo zake. Mimi ndiye niliyeandika kanuni iliyofuata: hakuna badiliko la saa litakaloingia katika Quoll bila karatasi ya serikali yenye muhuri. Naomba mnielewe. Nilikuwa mkutubi. Kwangu mimi jambo ambalo halijaandikwa ni uvumi wenye viatu vizuri.

Kisha ukaja mwaka wa Tafolau. Ni kisiwa kidogo, chenye posta moja, zahanati moja na simu moja. Baraza la wazee wa kisiwa liliamua kurudisha saa nyuma kwa saa moja, ili watoto wasiende shule gizani. Karatasi haikuwapo, kwa sababu mashine ya kuchapa ilikuwa kisiwa kikuu, na meli ya kwenda huko ni mara moja kwa siku kumi na moja. Bibi wa posta, jina lake Luseane, alimwambia Murray kwa simu, na Murray akatuandikia: "Tafolau wanarudi nyuma saa moja kuanzia Jumapili ijayo. Nina neno la Luseane."

Nikajibu kwa sentensi moja: "Neno la Luseane lina muhuri?"

Hapo moto ukawaka. Barua mia mbili na kumi na nne kwa siku tisa, kwa watu wenye kazi na familia. Mlezi wa Kalgoorlie, namwona pale anajificha nyuma ya kikombe, aliandika, "Coralie, unataka huyo mama alete nini, cheti cha ubatizo?" Nikamjibu kwamba hicho kingekuwa mwanzo mzuri. Mlezi wa Christchurch akamvaa Murray: "Na mimi nikikupigia kesho nikasema ni Waziri Mkuu, utasogeza saa?" Murray akamwandikia, "Inategemea. Nikikuuliza habari za mjukuu wako, utanijibu nini?"

Tulicheka sana. Tuliichukua kama mzaha, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuuliza alikuwa na maana gani.

Tukapiga kura. Kwetu kila kura huwa na chaguo la mwisho lisilofutwa kamwe, nalo ni "Tuendelee kuzungumza." Watu tisa walilichagua hilo, wapo watu wangelichagua hata nyumba ikiungua. Arobaini walikuwa na Murray. Sabini na tisa walikuwa nami. Kanuni ikasimama, toleo jipya likatoka, na Tafolau ikabaki na saa ya zamani ndani ya kila kompyuta yenye Quoll, ikiwamo ile ya ofisi ya meli inayochapa ratiba.

Ratiba ilisema meli itaondoka Tafolau saa nane mchana. Nahodha akaondoka saa nane ya karatasi, ambayo kisiwani ilikuwa saa saba. Watu wa Tafolau walipofika gatini saa saba na nusu, wakijiona wamewahi, walikuta maji matupu. Miongoni mwao alikuwapo mzee Penisimani, taya limevimba kama amefutika embe shavuni, akienda kung'olewa jino. Alingoja meli nyingine siku kumi na moja. Alipofika hospitali usaha ulikuwa umetambaa, na badala ya jino moja aliacha meno manne.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Murray na mimi tulikuwa tumeshiba na tumekaa kwenye viti vizuri.

Habari ilipotufikia, Murray aliandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Kura ni kura. Penisimani amepoteza meno manne." Baada ya hapo akanyamaza. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu.

Majirani, tuna desturi moja ambayo mtaiona ya ajabu. Mlezi akinyamaza miezi mitatu, mwenye daftari la walio kimya humwandikia barua pepe tatu, wiki tatu kati ya moja na nyingine, kwa maneno yasiyobadilishwa: "Ndugu mlezi, bado upo? Tafadhali jibu." Asipojibu ya tatu, jina lake hufutwa na kipande chake huwekwa kwenye orodha ya yatima. Mwenye daftari hilo wakati ule nilikuwa mimi. Nikamwandikia ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili nalisema kwa aibu. Dada yangu anakaa Burnie, na kila Alhamisi huenda kumwona. Barabara ya kutoka kwangu kwenda kwake inapita mbele ya lango la Murray Pybus. Nililijua lango hilo. Niliona gari lake. Niliona koti lake la mvua limeanikwa kambani, na juma lililofuata niliona limeanuliwa. Halafu nilirudi nyumbani, nikaketi mbele ya kompyuta, nikamwandikia barua ya tatu: "Ndugu mlezi, bado upo?"

Ninyi majirani mnacheka, na mna haki. Tazameni walezi, hawacheki. Wanajua wangefanya hivyo hivyo.

Siku nne kabla sijalifuta jina lake nilipata kadi kwa posta, yenye stempu, kwa mwandiko wa Bibi Noelene. Ninayo hapa. "Bibi Coralie, Murray yupo. Anachimba viazi. Gari lako la kijani tunaliona kila Alhamisi. Siku moja likanyage breki."

Nikakanyaga breki. Noelene akafungua mlango, akanitazama kuanzia utosini mpaka chini, akasema, "Haya, mama wa barua tatu. Vua viatu, nimepiga deki." Akanipitisha jikoni hadi bandani. Murray alikuwa anachambua viazi. Hakuinua kichwa.

"Umekuja na karatasi inayoonyesha kuwa wewe ni Coralie?"

"Nimekuja na uso wangu."

"Huo siujui," akasema. "Mimi nazijua hasira zako tu. Kaa, shika kikapu hicho. Vidogo huku, vilivyokatwa na jembe kule."

Tulichambua viazi karibu saa nzima kabla sijathubutu kuuliza. Nilidhani amenuna. Akaniambia, "Sikununa hata kidogo. Luseane hapokei simu yangu. Nilimpa neno kwamba saa zao zitabadilika, naye akawaambia wenzake. Sasa hilo jedwali nimwandikie nani, ikiwa waliomo ndani yake hawasemi nami?"

Akaniletea daftari la shule, jalada la bluu, limeshikwa kwa mpira. Ndani yalikuwamo majina thelathini na moja: mabibi wa posta, wachungaji, makarani wa bandari, mwalimu mmoja, muuza mafuta mmoja. Kila jina na simu yake, na chini yake mambo ambayo hakuna kompyuta iliyowahi kuyahifadhi. "Usipige Jumapili." "Mkewe alikuwa mgonjwa, uliza." "Luseane: mjukuu anaitwa Ofa, ana paka mwenye jicho moja." Kila mwaka Murray aliwapigia wote mara mbili, kwa simu ya nyumbani, akiuliza paka kwanza na saa baadaye.

Nikakumbuka ile barua kwa mlezi wa Christchurch. Nikikuuliza habari za mjukuu wako, utanijibu nini? Huo ndio uliokuwa muhuri wake, na tuliucheka mbele yake, mimi wa kwanza.

Nilimwambia Murray, "Nipe namba ya Luseane." Akasema, "Atakukaripia." Nikasema najua. Nilipiga siku nne bila kupokelewa. Siku ya tano sauti ikasema, "Posta."

"Naitwa Coralie Dransfield, napiga kutoka Tasmania."

"Wewe ndiye yule wa karatasi."

"Ndiye mimi."

Nilisikia kuku upande wa pili. Nikasema, "Mama Luseane, ulisema kweli nami nikakataa. Nilikosa."

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi meno yangu yapo. Subiri hapo."

Nilisubiri dakika ishirini na mbili. Akaja mzee, anahema, wamemwita kutoka shambani. "Siku ngapi, unajua?"

"Kumi na moja, mzee."

"Na usiku wake. Uhesabu na usiku wake."

"Nahesabu, mzee wangu. Nisamehe."

"Yalikuwa mabovu, lakini yalikuwa yangu," akasema. Kisha akauliza, "Murray hajambo? Mbona hapigi siku hizi?"

"Anadhani mmemkasirikia."

Luseane akainyakua simu. "Tulimkasirikia, ndiyo. Tena simu nayo ilikufa mwezi mzima. Mwambie yote mawili yamekwisha, apige, paka amezaa."

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na samahani yangu haikumrudishia Penisimani hata moja. Lakini Alhamisi ile, bandani, nilimwona Murray akizungusha namba na kuuliza habari za paka, na nilitoka nje kutazama bahari kwa muda, maana machozi yalinijia na sikutaka anione.

Nikaenda kuandika kanuni mpya: neno la mtu anayejulikana, likithibitishwa kwa simu na walezi wawili, linatosha. Tukabishana tena, ila safari hii barua hazikufika mia. Sitini na mmoja wakakubali, hamsini na wanane wakakataa, na tisa, mnawajua, wakataka tuendelee kuzungumza. Kanuni ikapita kwa kura tatu.

Na Murray je? Murray alipiga kura ya kukataa! Nilimfuata bandani nikiwa nimewaka. "Nimekutungia sheria, nawe unaipinga?" Akasema, "Kanuni yako nzuri. Lakini ukishaandika kwamba neno linatosha, watu wataiamini kanuni na kuacha kupiga simu. Mimi naogopa hilo." Tangu siku hiyo nimeacha kujidai kwamba namjua.

Ndugu wageni, msimu wa baridi uliopita masikio ya Murray yalianza kumwacha. Luseane husema mara nne, Noelene huandika kwenye karatasi, Murray husoma na kujibu kwa kelele inayosikika mpaka kituo cha treni. Siku arobaini zilizopita aliandika ile barua ambayo kila mlezi huandika mwishoni: "Naweka chini." Kwa desturi yetu, anayetaka kuokota hujibu neno moja, "Nachukua." Siku arobaini zikipita bila jibu, kipande huwa yatima. Zinakwisha leo, saa kumi jioni. Hadi naingia ukumbini humu hakuna mtu aliyejibu.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu chini ya barua Murray aliongeza mstari: "Mrithi itambidi apige simu." Watu mia moja ishirini na wanane, wawezao kuandikiana barua mia mbili juu ya saa moja ya kisiwa kimoja, na neno simu limewatawanya kama kuku walioona mwewe. Siwacheki. Na mimi nimo, nimekaa na barua ile siku thelathini na tisa. Niliogopa. Kukosea kwenye faili ni jambo la kurekebisha, lakini kukosea mbele ya Luseane nimeshakuonja.

Jana niliwapigia wote thelathini na moja. Muuza mafuta aliniuliza, "Wewe ni nani kwa Murray?" Nikamwambia, "Mimi ni yule aliyekuwa anambishia." Akasema, "Aa, Coralie! Hujambo?" Kumbe miaka yote hiyo, baada ya kuwauliza habari za watoto wao, Murray alikuwa akiwapa habari zangu.

Noelene, mama yangu, msogelee mumeo umwambie sikioni, maana hili sitaki alipate nusu nusu. Mwambie Coralie amesema: Nachukua.

Ameshasikia? Namwona ameshasikia.

Kwa kanuni zetu, neno hilo halihesabiki mpaka niliandike kwenye orodha yetu ya barua pepe kabla ya saa kumi. Kompyuta yangu iko nyumbani Ulverstone, na hotuba nyingine mbili bado. Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo kuanzia sasa mpaka nitakapofika nyumbani, Quoll haina karatasi yoyote kuhusu jedwali la saa. Ina mdomo wangu tu. Naomba mvumilie hivyo, kama Tafolau walivyotaka tuwavumilie.

Limebaki jambo la saa ya ukutani. Kuna tangazo limebandikwa chini yake, limechapwa vizuri: "Hairuhusiwi kugusa saa hii bila kibali cha maandishi." Asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti, nilimwuliza Mama Maureen kuhusu kibali hicho. Alikuwa amebeba sufuria la viazi vya Murray, mikono yote miwili imejaa. Akasema, "We Coralie, isogeze tu."

Sina karatasi. Nina neno la Maureen. Mlezi wa Kalgoorlie, nishikie kiti hiki nisianguke, na wewe Murray nitazame uone kama nimeiweka sawa.

Haya. Saa nane na dakika arobaini. Wote sasa tuko kwenye saa ile ile, hata mliokuja kwa saa ya gari. Nawashukuru kwa kunitegea sikio, na asante yangu kubwa ni kwake yeye aliyetutegea sisi masikio yote mawili mpaka yakachoka.